Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi Mlangoni pa Maabara ya Ikolojia

Swali: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, ninasomea shahada ya biolojia hapa Nairobi. Tangu tulipofundishwa ikolojia muhula uliopita nimetamani kujiunga na maabara ya utafiti ya mmoja wa wahadhiri wetu, lakini sijui pa kuanzia. Nimemwandikia mhadhiri huyo barua pepe mara mbili na hajanijibu. Alama zangu ni za wastani, sijawahi kufanya utafiti wowote, na wenzangu huniambia kwamba nafasi hizo ni za wanafunzi wa uzamili. Je, kuna njia? Na nikikubaliwa, nitakuwa nikifanya kazi gani hasa? (Msomaji wa Ngara)

Jibu: Salamu nimezipokea, na njia ipo. Wenzako hawakukosea kabisa, kwa maana maabara nyingi za vyuo vyetu husimama juu ya wanafunzi wa uzamili na uzamifu, ambao ndio wenye miradi ya miaka kadhaa na mara nyingine ndio walioleta ruzuku. Hata hivyo, katika ikolojia kazi huwa nyingi kuliko mikono, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayeweza kuachiwa kazi ndogo bila kusimamiwa kila dakika hupata nafasi mapema kuliko anavyodhani. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ukishaielewa kazi yenyewe utajua pia jinsi ya kuiomba.

Wengi wakisikia habari za maabara hufikiria chumba chenye darubini na majokofu. Chumba hicho kipo, lakini maabara ya ikolojia kwa hakika ni kundi la watu wanaofuatilia swali moja kubwa kwa miaka mingi, na nusu ya kazi yao hufanyika nje: msituni, malishoni, mtoni au shambani. Chukua mfano wa timu inayopima afya ya mto, kazi yenye uzito mkubwa katika jiji hili, ambapo Mto Nairobi hupita kando ya bewa la Chiromo ukiwa tayari umebeba uchafu wa mitaa ya juu. Mtu mmoja husimama ndani ya maji akiwa na wavu wenye mpini mrefu, akatibua changarawe kwa miguu ili mkondo uwapeleke wadudu wavuni. Kilichopatikana humwagwa katika sinia nyeupe, na hapo ndipo mwanafunzi huinama kwa saa nzima akiwa na koleo ndogo, akitenga mdudu mmoja mmoja. Mabuu ya Ephemeroptera (wadudu warukao ambao hukulia majini), yenye mikia miwili au mitatu myembamba na matamvua ubavuni, hayavumilii maji machafu, kwa hiyo yakionekana kwa wingi ni dalili njema. Mabuu mekundu ya Chironomidae (wadudu wadogo wanaofanana na mbu) huweza kuishi mahali penye oksijeni haba, kwa kuwa yana himoglobini, protini nyekundu inayoshika oksijeni. Yakibaki peke yake katika sinia, mto huo umeumia.

Baada ya hapo wadudu hutiwa katika chupa zenye alkoholi ya asilimia 70, na ndani ya kila chupa hutumbukizwa kikaratasi chenye jina la mahali, tarehe na jina la aliyekusanya. Kikaratasi hicho huandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu nyingi huyeyuka katika alkoholi, na sampuli isiyojulikana ilitoka wapi haifai tena kwa lolote hata kama ilichukuliwa kwa shida kubwa. Ninalitaja jambo hili dogo kwa makusudi. Profesa anayekukubali anakukabidhi kitu ambacho hawezi kukikagua chote mwenyewe: maelfu ya tarakimu zitakazoandikwa na mkono wako. Ukikisia urefu wa mti mmoja kwa sababu mvua imeanza kunyesha, kosa hilo litaingia katika jedwali, litaingia katika hesabu, na hakuna atakayeligundua. Ndiyo maana maabara huuliza kuhusu uaminifu na utulivu wa mtu kabla ya kuuliza kuhusu alama zake, na ndiyo maana alama zako za wastani zisikukatishe tamaa. Zitakuwa na uzito zaidi utakapoomba ufadhili wa uzamili. Kwa sasa utapimwa kwa daftari lako.

Sasa nije kwenye barua pepe zako. Mhadhiri wa chuo cha umma hufundisha madarasa makubwa, husahihisha mitihani kwa mamia, husimamia tasnifu na huhudhuria vikao visivyokwisha. Kutojibiwa hakuna maana kwamba umekataliwa. Lakini pia nina shaka na barua yenyewe, kwa sababu nyingi ninazoonyeshwa na wanafunzi hufanana: huanza na sifa ndefu kwa mhadhiri, zikafuata nia ya kuhifadhi mazingira, kisha ombi la nafasi yoyote iliyopo. Barua ya namna hiyo haimpi msomaji la kushika. Kabla hujaandika ya tatu, tafuta makala moja ya kitaalamu ambayo timu hiyo imechapisha, uisome polepole hata ikikuchukua wiki, ukianza na utangulizi na sehemu ya mbinu, bila kujilaumu ukikwama kwenye takwimu.

Nikupe mfano wa makala unayoweza kujifunzia namna ya kusoma. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Ol Pejeta, Laikipia, ambao mwandishi wake wa kwanza ni Mkenya, Douglas Kamaru. Katika nyanda zile kuna migunga midogo yenye vinundu ambamo sisimizi wa asili hujenga makao, na tembo akijaribu kuila miti hiyo sisimizi humwingia mkongani na kumuuma hadi aondoke. Wamekuja sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wakawaua wale wa asili, na miti ikabaki bila ulinzi. Tembo wakaivunja, nyika ikawa wazi, na simba wakakosa pa kujibanza wanapowavizia punda milia, hivyo wakaanza kuwinda nyati zaidi. Ukisoma jambo kama hilo, zoezi lako ni kujiuliza: walijuaje? Walihesabu nini, wapi, mara ngapi, na walilinganisha na nini? Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali hayo kuhusu makala moja ameshaanza kufikiri kama mwanaikolojia, na hilo huonekana katika sentensi mbili tu za barua yake.

Barua basi iwe fupi. Jitambulishe, taja makala uliyosoma na swali moja la kweli lililobaki akilini mwako, kwa mfano kwa nini mitego iliwekwa mbali na njia ya watu au kwa nini upimaji ulifanywa kiangazi peke yake. Sema una nafasi siku gani na saa ngapi, ukizingatia ratiba yako kwa ukweli, na uombe kukutana kwa robo saa. Ambatisha matokeo yako ya masomo bila kuyaombea radhi. Usiposikia lolote baada ya wiki mbili, nenda ofisini wakati wa saa za kuonana na wanafunzi. Katika vyuo vyetu kubisha mlango kwa adabu bado hufanya kazi kuliko barua pepe kumi.

Na mlango wa profesa si mlango pekee. Mtu anayejua ni nani anayehitaji msaidizi wiki hii ni mwanafunzi wa uzamifu mwenye sampuli mia tatu za udongo zinazongoja kupitishwa katika chekeche la milimita mbili, au teknisheni wa maabara ambaye amekaa katika idara kuliko wahadhiri wengi. Hudhuria semina za idara, ambazo wanafunzi wa shahada ya kwanza huzikwepa bure, na baada ya semina mwendee aliyewasilisha umuulize kama ana kazi ya mikono unayoweza kumsaidia. Watafiti wengi ninaowafahamu waliingia kwa njia hiyo, na kufikia wakati profesa alipotajiwa majina yao, tayari mtu wa ndani alikuwa akiwashuhudia.

Wewe unaishi Ngara, na hiyo ni bahati ambayo ningependa uitumie, kwa sababu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ni mwendo mfupi wa miguu kutoka kwako. Humo mna Hebaria ya Afrika Mashariki, yenye takriban sampuli milioni moja za mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, kila moja ikiwa na maelezo ya mahali ilipochumwa. Kila Jumatano asubuhi wanachama na wageni wa Nature Kenya, shirika linalotokana na chama cha wapenda maumbile kilichoanzishwa mwaka 1909, hukutana hapo kwenye makavazi kwenda kutazama ndege katika sehemu mbalimbali za jiji na pembezoni mwake. Nenda ukiwa na daftari. Huko utajifunza kumtambua ndege kwa sauti kabla hujamwona, ujuzi ambao hakuna darasa litakalokupa kwa kasi hiyo, na utakutana na watu wanaofahamu miradi inayoendelea. Orodha utakazoandika zinaweza kuingia katika mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambao umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa na hupokea kumbukumbu kutoka kwa wananchi wa kawaida. Kule Kasarani kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mipango yake mikubwa ya mafunzo ni ya ngazi ya uzamili na uzamifu, lakini fuatilia matangazo yao ya nafasi za mafunzo kazini utakapofika mwaka wa tatu.

Angalia pia majira. Timu nyingi hupanga safari za nyanjani kwa kufuata mvua, za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, kwa sababu nyasi, wadudu na vyura hubadilika nazo. Anayeomba nafasi wiki moja kabla ya safari hukuta magari yamejaa na vibali vimeshaandikwa majina. Omba miezi miwili au mitatu mapema. Na usiende kuchuma mimea au kutega wadudu msituni Karura kwa hiari yako ukitarajia kumvutia profesa: utafiti nchini huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013, na msitu wa serikali au hifadhi ya wanyama huhitaji ruhusa ya wenye mamlaka yake pia. Ukiwa ndani ya timu, msimamizi wako atakueleza kibali chenu kinaruhusu nini. Ukiwa peke yako, tazama, andika, piga picha, na uache kila kitu mahali pake.

Jambo la mwisho wanafunzi huona haya kuliuliza, nami naliona muhimu kuliko yote. Kabla ya kuanza, keti na msimamizi mkubaliane mtafanya nini, kwa muda gani, na wewe utafaidika vipi. Nusu siku kwa wiki bila malipo, huku ukifundishwa, ni makubaliano ya haki. Wiki tatu za kazi nyanjani bila nauli, chakula wala malazi ni dhuluma, hata ikiitwa nafasi ya kujifunza, na huwafungia nje watoto wa wasio na kitu, ambao ndio wengi katika vyuo vyetu. Uliza pia jinsi michango inavyotambuliwa. Aliyeosha chupa na kupima majani hutajwa katika shukrani za makala. Aliyeshiriki kubuni swali, kuchanganua data au kuandika anastahili kuwa miongoni mwa waandishi. Msimamizi mwema hatakasirika ukiuliza. Akikasirika, umeokoa mwaka wako.

Swali: Hujambo Mwalimu. Mimi ni mama, ninaishi Kayole. Binti yangu yuko mwaka wa tatu chuoni, na ameniambia anataka kwenda Laikipia kwa wiki tatu na kikundi cha watafiti, eti kuhesabu nyasi. Sielewi nyasi zinahesabiwa kwa nini, na ninaogopa wanyama na mambo mengine ambayo mzazi wa msichana huyaogopa. Baba yake anauliza pia kama kazi hii itampa riziki. Tumruhusu? (Mama wa Kayole)

Jibu: Sijambo, Mama, na ninakushukuru kwa kuuliza kabla ya kukataa. Nianze na nyasi. Mifugo na wanyamapori wa Laikipia hula katika malisho yale yale, na kwa muda mrefu wafugaji na wahifadhi wamebishana ni nani anayemmalizia mwenzake chakula. Ubishi huo hautatuliwi kwa maneno. Katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, huko huko Laikipia, watafiti walizungushia ua mashamba 18 ya hekta nne kila moja mwaka 1995. Mengine wameyaachia ng'ombe peke yao, mengine wanyama wa porini, mengine mchanganyiko, na tangu wakati huo wamekuwa wakirudi kupima kilichoota. Kupima huko hufanywa kwa subira: pini ndefu za chuma hushushwa kwenye nyasi mahali palipochaguliwa, na kila jani linaloguswa huandikwa jina la mmea wake. Mojawapo ya matunda ya kazi hiyo ni kuonyesha kwamba wanyama kama punda milia hushindana na ng'ombe wakati wa kiangazi, lakini wakati wa mvua huwasaidia kunenepa, kwa kuwa hula nyasi ngumu zilizokauka na kuacha changa. Mfugaji anayejua hayo ataamua mambo yake tofauti. Sijui kama binti yako anakwenda kwenye mradi huo au mwingine, ila kuhesabu nyasi, kwa yeyote anayekufanya vizuri, ni kazi ya maana.

Kuhusu usalama, hofu yako ina msingi, na dawa yake ni kuuliza maswali yanayojibika. Mwombe binti yako akuletee barua ya idara inayotaja jina la kiongozi wa safari, mahali watakapolala, tarehe za kwenda na kurudi, na nambari ya simu ya mtu wa chuo ambaye hatakuwa safarini. Uliza kama wana bima. Katika maeneo yenye tembo na nyati, timu makini haiendi vichakani bila askari wa wanyamapori anayeijua ardhi ile, na kazi husimama kabla ya giza kuingia. Mwambie akuthibitishie mambo hayo mawili. Uliza hospitali iliyo karibu iko wapi na kama kuna gari linalokaa kambini usiku.

Lile ulilolitaja kwa kuficha nalitaja waziwazi. Wasichana wamewahi kusumbuliwa na wakubwa wao nyanjani, mbali na ofisi na mbali na nyumbani, na utafiti wa mazingira haujaepuka aibu hiyo. Uliza watakuwa wanawake wangapi katika kikundi, na kama atalala pamoja na wenzake wa kike. Chuo kinapaswa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia; hakikisha anaufahamu kabla ya kuondoka. Kisha mwambie kwa kinywa chako kwamba akiona jambo lisilo sawa, anaweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na kwamba hakuna atakayemuuliza habari za nauli wala za alama. Msichana aliyeambiwa hivyo na mamake huondoka akiwa na ulinzi ambao askari hawezi kumpa. Majibu yote yakiridhisha, mruhusu, na ikiwezekana zungumza na msimamizi mwenyewe kwa simu; wengi huheshimu mzazi anayepiga.

Kuhusu riziki, nitamjibu Baba bila kupamba. Kazi za ikolojia nchini ni chache kuliko wahitimu, na wengi huanza na mikataba ya miezi michache. Zilipo ni katika taasisi kama Shirika la Wanyamapori, taasisi ya utafiti wa misitu kule Muguga, serikali za kaunti, mashirika ya uhifadhi, na kampuni zinazoandaa tathmini za athari kwa mazingira, ambazo sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inazidai kabla ya miradi mingi mikubwa kuanza. Mtu mwenye karatasi peke yake hupata shida kuingia huko. Mwenye wiki tatu za Laikipia, anayeweza kutaja kwa jina majani aliyoyapima na kuonyesha jinsi alivyoyachanganua, huitwa kwenye usaili.

Swali: Mimi husomea takwimu Juja, sijui ndege wala majani. Je, maabara ya ikolojia inaweza kunihitaji? (Msomaji wa Juja)

Jibu: Inakuhitaji sana, huenda kuliko inavyomhitaji mwanabiolojia mwingine. Kamera za kujifyatua zenyewe, zinazofungwa kwenye miti ili kunasa wanyama wakipita, huleta picha kwa maelfu, nyingi zikiwa za nyasi zilizotikiswa na upepo. Mtu lazima azichuje, azipange na akadirie idadi ya wanyama ambao kamera haikuwaona. Jifunze R, programu ya uchanganuzi wa takwimu, vizuri, kisha QGIS kwa ajili ya ramani. Programu zote mbili hazilipiwi na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Nenda kwa wanafunzi wa uzamili wa biolojia miezi michache kabla ya tarehe zao za kuwasilisha tasnifu, wakati ambapo wengi huwa wamekwama kwenye uchanganuzi, ujitolee kusaidia seti moja ya data. Sharti langu ni moja: kabla ya kufungua jedwali lao, omba wakupeleke mahali walipokusanya, hata kama ni asubuhi moja katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Utaona mwenyewe kwa nini safu fulani zina sifuri, na kwa nini nyingine ziliachwa wazi, maana sifuri inasema walitafuta wakakosa, na pengo linasema hawakufika, na mwanatakwimu anayezichanganya hizo mbili hutoa jibu lisilo sahihi kwa hesabu iliyo sahihi kabisa.